Kiungo Kinachofunguka Ofisini Pekee

Mazungumzo ya ofisa wa habari wa kaunti na wakazi wa Malili kuhusu anwani za huduma za mtandaoni. Yamefupishwa kidogo ili yatoshe katika jarida hili.

Jua la Malili mnalijua kuliko mimi, kwa hivyo sitawachosha kwa utangulizi mrefu.

Nataka tuzungumzie jambo dogo ambalo linaweza kumnyima mtu haki kubwa. Mwananchi anajaza ombi mtandaoni. Inaweza kuwa basari ya mtoto, leseni ya biashara, au zabuni iliyotengewa vijana na wanawake. Anaambiwa atapokea ujumbe wenye kiungo, akibonyeze ili kuthibitisha ombi lake kabla ya siku ya mwisho. Ujumbe unafika. Anabonyeza. Simu inazunguka, inazunguka, kisha inasema ukurasa haupatikani. Ananunua bando jingine na kujaribu tena. Anakwenda saiba, hali ni ile ile. Anapiga simu ofisini, na ofisa aliyepokea, kwa unyofu kabisa, anafungua kiungo hicho hicho kwenye kompyuta yake na kumwambia: "Mbona kwetu kinafunguka? Labda ni simu yako."

Wote wawili wanasema ukweli. Kwa mzazi kiungo hakifunguki, na kwa ofisa kinafunguka. Siku ya mwisho inapita, jina la mtoto halimo kwenye orodha, na kijijini linabaki neno moja: "Hizi basari zina wenyewe." Hapo hasara inakuwa kubwa kuliko karo ya muhula mmoja, kwa sababu mtu akishaamini kwamba milango ya serikali imefungwa kwa makusudi, hatabisha hodi tena.

Mimi nilisomea uandishi wa habari, si uhandisi wa kompyuta. Lakini kazi yangu ni kuhakikisha kwamba ujumbe wa umma unamfikia aliyeandikiwa, na siku hizi kiungo ni sehemu ya ujumbe. Kwa hivyo nimewauliza mafundi maswali mengi, na leo nawaletea majibu yao kwa lugha ya nyumbani.

Askari wa langoni na karani wa ndani

Fikirieni ofisi kubwa yenye ua. Langoni kuna askari. Karani mwenye mafaili yuko chumba cha ndani. Utaratibu wa ofisi hiyo ni kwamba mgeni haingii. Anamweleza askari shida yake, askari anaiandika kwenye karatasi na kuipeleka kwa karani, karani anaandika jibu, na askari anamletea mgeni. Mgeni hamwoni karani, wala karani hamwoni mgeni.

Tovuti nyingi kubwa hufanya kazi namna hiyo. Karani ni seva yenye programu na kumbukumbu zote. Askari ni seva nyingine inayokaa mbele yake, ambayo mafundi huiita rivasi proksi. Leo tuiite seva ya langoni. Programu zinazotumika sana kwa kazi hiyo ni kama nginx, iliyotolewa kwa umma mara ya kwanza mwaka 2004, pamoja na HAProxy na Apache. Ziko pia kampuni, kama Cloudflare, zinazouza huduma ya kulinda lango la tovuti za watu wengine.

Kwa nini ofisi iweke askari badala ya kumwacha karani akutane na wageni mwenyewe? Sababu ni tatu. Kwanza, lango moja linaweza kuhudumia makarani wengi: mmoja wa leseni, mwingine wa zabuni, mwingine wa afya. Pili, lango ndilo linalobeba cheti cha usalama, ile alama ya kufuli mnayoiona kwenye simu, ili mazungumzo kati ya simu na ofisi yasisikilizwe njiani. Tatu, lango huzuia fujo. Mnakumbuka mwishoni mwa Julai 2023, huduma za eCitizen zilipotatizika nchini kote. Waziri wa habari wa wakati huo, Eliud Owalo, alithibitisha kwamba mfumo ulikuwa umeshambuliwa kwa kumiminiwa maombi mengi kupita kiasi. Shambulio la aina hiyo ni kama watu elfu kumi wasio na shida yoyote kupanga foleni langoni ili wenye shida wakose nafasi. Bila lango imara, foleni hiyo ingefika mezani kwa karani.

Nyinyi wa Malili hamhitaji kuambiwa kwamba mambo haya yana mahali pake duniani. Watu wengine wakisikia kwamba data "iko mawinguni" hutazama juu. Nyinyi mnatazama Konza. Ardhi ya Malili Ranch, ekari 5,000, ilinunuliwa mwaka 2009 kwa ajili ya mji wa teknolojia, Rais Mwai Kibaki akauzindua ujenzi wake Januari 2013, na leo kituo cha taifa cha data kiko hapa jirani. Mnajua kwamba seva ni mashine, iko ndani ya jengo, jengo lina ua, na ua una lango.

Karani asiyelijua jina la ofisi yake

Sasa tufike kwenye tatizo lenyewe. Mara kwa mara karani hulazimika kuandika anwani ya ofisi ndani ya jibu lake: "Ili kuthibitisha, rudi kwenye anwani hii." Anwani hiyo anaitoa wapi?

Mtu angedhani kwamba seva inalijua jina lake, kama mimi ninavyolijua langu. Sivyo. Mzee mmoja nyumbani huitwa baba Mutua, shuleni huitwa mwalimu, na kanisani huitwa mzee wa kanisa. Akisikia "mwalimu!" anajua aliyeita ni mtu wa shule. Seva nayo hulijua jina lake kwa kusikiliza inavyoitwa. Tangu toleo la 1.1 la kanuni za HTTP, lililochapishwa mwaka 1997, kila kivinjari kinapobisha hodi ni lazima kitaje jina la tovuti kinayoitafuta. Jina hilo huandikwa kwenye mstari uitwao Host. Ni utaratibu mzuri, kwa sababu unaiwezesha mashine moja kubeba tovuti mia na bado ikajua mgeni huyu ametaka ipi.

Lakini utaratibu huo ulitegemea kwamba mgeni anaongea na karani moja kwa moja. Ukiweka askari katikati, mambo yanabadilika. Mgeni anamwambia askari jina la ofisi linalojulikana na watu wote. Askari anageuka na kumwita karani kwa jina la ndani: "Chumba namba 12, kuna ombi." Karani anasikia "chumba namba 12", anaamini kwamba hilo ndilo jina ambalo dunia nzima inamwitia, kisha anamwandikia mgeni: "Rudi chumba namba 12." Mgeni wa Malili hajui chumba hicho, wala hawezi kukifikia, kwa sababu kiko nyuma ya lango.

Hii si hadithi ya kuchekesha tu. Ndivyo programu zenyewe zilivyo. Fundi akiweka nginx langoni na asiiambie kitu zaidi, nginx humwita karani kwa jina la ndani. Apache nayo hufanya vivyo hivyo, mpaka ielekezwe kulipitisha jina alilotaja mgeni. Kwa hivyo kosa hili halihitaji mtu mbaya wala fundi mzembe sana. Linahitaji tu fundi aliyeusahau mstari mmoja.

Matokeo yake ni kiungo kinachoanza kwa kitu kama http://10.0.0.12:8080. Tarakimu hizo zina maana. Namba zinazoanza na 10, au 192.168, pamoja na nyingine zilizo kati ya 172.16 na 172.31, zilitengwa mwaka 1996 zitumike ndani ya mitandao ya watu binafsi na ofisi tu. Haziko kwenye barabara kuu ya intaneti. Kila ofisi, kila saiba na kila nyumba yenye WiFi inaweza kuzitumia kwake, kama vile kila jengo linavyoweza kuwa na chumba namba 12. Ndiyo maana ofisa aliona kiungo kinafunguka: yeye alikuwa ndani ya ua. Ndiyo maana pia mtu akibonyeza kiungo chenye 192.168 akiwa saiba, anaweza kukuta ukurasa wa mipangilio ya ruta ya saiba, akashangaa basari imehusianaje na WiFi.

Wakati mwingine kiungo huandikwa localhost. Neno hilo kwa kompyuta ni sawa na kusema "mimi mwenyewe". Simu yako ikiambiwa iende huko, inajitafuta yenyewe mfukoni mwako, na haikuti kitu.

Tatizo hili lina ndugu wawili. Ndugu wa kwanza ni ule mlango wenye kufuli. Mgeni hufika langoni kwa https, njia iliyofungwa. Mara nyingi askari huifungua bahasha pale pale langoni na kuipeleka ndani ikiwa wazi, kwa http. Karani anaona bahasha iliyo wazi, na kwa kuwa ameagizwa asipokee barua isiyofungwa, anamrudishia mgeni: "Nenda ukaje kwa njia iliyofungwa." Mgeni anakuja tena kwa njia iliyofungwa, askari anafungua tena, karani anakataa tena. Baada ya mara 20 hivi kivinjari huchoka na kuandika kwamba ukurasa umeelekezwa mara nyingi kupita kiasi. Hapo mgeni alifuata kila sheria, na bado hakuingia.

Ndugu wa pili ni kwamba, kwa karani, wageni wote wana sura moja, sura ya askari. Tuseme karani ameagizwa kumfungia mtu yeyote anayekosea neno la siri mara tano. Mtu mmoja huko Wote akikosea mara tano, karani anamfungia aliyeleta karatasi, ambaye ni askari. Kuanzia hapo, kuanzia Malili mpaka Kibwezi, hakuna anayeingia.

Dawa, na hatari iliyo ndani yake

Dawa ya kwanza inaeleweka hata na mtoto. Askari aambatishe kijikaratasi kwenye kila ombi: mgeni ametaja jina gani, amekuja kwa mlango upi, na ametoka wapi. Mafundi walianza kufanya hivyo zamani kwa mistari inayoitwa X-Forwarded-Host, X-Forwarded-Proto na X-Forwarded-For. Mwezi wa Juni 2014 ulichapishwa waraka rasmi wa kiufundi, RFC 7239, unaoikusanya mistari hiyo katika mmoja uitwao Forwarded. Karani akisoma kijikaratasi, analiona jina ambalo umma unalijua, na anaandika anwani sahihi.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa jambo linaacha kuwa usumbufu na kuwa hatari. Kijikaratasi ni maandishi tu. Mgeni mwenyewe anaweza kuja na chake alichokiandika nyumbani. Je, karani akikiamini?

Chukueni mfano wa mwenye duka anayetumia mfumo wa leseni mtandaoni. Mhalifu anakwenda kwenye ukurasa wa mfumo huo na kubonyeza "nimesahau neno la siri", kisha anaweka barua pepe ya mwenye duka. Pamoja na ombi hilo anapachika kijikaratasi cha uongo kinachodai kwamba jina la ofisi ni tovuti yake yeye mhalifu. Karani anaamini, anaandaa barua ya kubadilisha neno la siri, na ndani yake anaandika kiungo chenye ufunguo wa siri, lakini kikielekea kwa mhalifu. Barua hiyo inatoka kwenye ofisi ya kweli, inafika kwa mwenye duka wa kweli, ikiwa na nembo ya kweli. Akibonyeza, ufunguo unaangukia mikononi mwa mwizi.

Mwaka 2013 mtafiti wa usalama James Kettle aliandika kwa kina jinsi programu nyingi zinavyoweza kudanganywa kwa njia hii. Mwaka 2017 Dawid Golunski alionyesha udhaifu wa jamii hiyo hiyo katika WordPress, programu inayoendesha tovuti nyingi sana duniani: katika mpangilio fulani wa seva, jina alilolitaja mgeni liliingia kwenye anwani ya mtumaji wa barua ya kubadilisha neno la siri. Kwa hivyo si jambo la kufikirika. Wajuzi walipotea hapo.

Mafundi wazuri hufuata kanuni tatu. Ya kwanza, askari achane kijikaratasi chochote alichokuja nacho mgeni, aandike chake mwenyewe. Ya pili, karani akubali kijikaratasi kutoka mkononi mwa askari tu, na asifikike kwa njia nyingine yoyote. Ya tatu, na ndiyo iliyo salama kuliko zote kwa viungo vinavyotumwa kwa wananchi: jina la ofisi liandikwe ukutani. Yaani katika mipangilio ya mfumo liwekwe mara moja jina rasmi, na kila kiungo kijengwe kwa jina hilo, bila kujali mgeni amesema nini wala askari amesema nini. Programu kadhaa zimejengwa kwa fikra hiyo. WordPress huhifadhi anwani ya tovuti kwenye mipangilio yake. Django, tangu toleo la 1.5 la mwaka 2013, humtaka fundi aorodheshe majina yanayokubalika, na jina lisilo kwenye orodha hukataliwa.

Hata maandishi ya ukutani yana sharti lake. Mfumo ukiwa bado unajaribiwa, ukuta huandikwa jina la majaribio. Siku ya uzinduzi watu wanakata utepe, wanapiga picha, na hakuna anayekumbuka kubadilisha maandishi. Ndiyo maana lazima pawe na ukaguzi.

Mfumo wa mtandaoni nao ni mradi

Kaunti yetu inajulikana kwa kamati za wananchi zinazosimamia miradi ya umma. Mkienda kukagua bwawa la mchanga mnajua cha kutazama: ukuta umekita kwenye mwamba, saruji imechanganywa sawasawa, na mvua ikipita maji yanabaki. Hamhitaji digrii ya uhandisi. Mfumo wa maombi mtandaoni umejengwa kwa kodi kama lile bwawa, na unaweza kukaguliwa vivyo hivyo. Siku mtakapoonyeshwa mfumo mpya na mkapewa nafasi ya kuuliza, ulizeni maswali haya manne.

Swali la kwanza: jina rasmi la huduma hii mbele ya umma ni lipi, na limeandikwa wapi ndani ya mfumo? Jibu zuri ni jina moja. Jibu la "mfumo unajitambua wenyewe" liwafanye muulize tena.

Swali la pili: mgeni akileta jina la uongo, mfumo unafanya nini? Jibu zuri ni "unamkatalia". Mfano wa mwenye duka niliowapa mnaweza kumwekea fundi mezani na kumwomba aonyeshe kwamba hauwezekani.

Swali la tatu: je, seva ya ndani inaweza kufikiwa bila kupitia langoni? Jibu zuri ni "hapana". Lango lenye askari halina maana kama ua una tundu nyuma.

Swali la nne, na hili ndilo rahisi na lenye thamani kuliko yote: nani amejaribu ujumbe wote, kuanzia kujaza ombi hadi kuthibitisha, akiwa nje ya ofisi? Jaribio lenyewe ni la dakika chache. Mtu azime WiFi ya ofisi kwenye simu yake, atumie bando la kawaida, ajaze ombi, asubiri ujumbe, abonyeze kiungo. Likifaulu kwenye simu ndogo ya mwananchi, limefaulu. Likifaulu kwenye kompyuta ya ofisini pekee, bado hatujui lolote.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Kosa la aina hii lina tabia mbaya: hujificha mbele ya wenye uwezo wa kulirekebisha, na kujitokeza mbele ya wasio na uwezo huo. Ofisa aliye ndani hawezi kuliona hata akitazama siku nzima. Wewe uliye Malili na simu yako ndiwe mwenye jicho linaloliona. Kwa hivyo ripoti ya mwananchi ni kipimo ambacho ofisi haina namna nyingine ya kukipata, nayo ipokewe hivyo.

Mwananchi afanye nini

Nimalizie kwa mambo ambayo kila mmoja wetu anaweza kuyafanya kuanzia jioni ya leo.

Kabla hujabonyeza kiungo, soma anwani. Tazama sehemu iliyo kati ya https:// na mkwaju wa kwanza unaofuata, kisha isome kutoka kulia kwenda kushoto. Majina yanayoishia na .go.ke yametengwa kwa taasisi za serikali. Tovuti ya kaunti yetu ni makueni.go.ke. Lakini angalia: makueni.go.ke ikifuatwa na nukta na jina jingine, kisha .com, hiyo si ya kaunti. Mwenye jina ni yule aliye mwisho, upande wa kulia, kama vile kwenye bahasha mji huandikwa mwisho na ndio unaoamua barua inakwenda wapi. Na ile alama ya kufuli inakuambia tu kwamba njia imefungwa. Haikuambii kwamba aliye upande wa pili ni mwaminifu. Mwizi naye anaweza kununua kufuli.

Ukipokea barua ya kubadilisha neno la siri na hukuomba, usibonyeze, hata kama nembo ni ya kweli. Mmesikia jinsi barua ya kweli inavyoweza kubeba kiungo cha uongo. Fungua tovuti kwa kuandika jina lake mwenyewe.

Ukikuta kiungo kinachoanza kwa 10, kwa 192.168 au kwa localhost, usijilaumu, wala usikimbilie kununua simu nyingine au kupanda matatu kwenda Wote. Simu yako ni nzima. Iambie ofisi iliyokutumia kiungo hicho. Eleza tarehe na saa, mtandao wa simu unaotumia, maneno yaliyoonekana kwenye kioo, na sehemu ya mwanzo ya anwani hadi kwenye mkwaju wa kwanza. Sehemu hiyo fupi inamtosha fundi, kwa sababu kosa liko humo. Sehemu ndefu inayofuata usiiposti kwenye kundi la WhatsApp wala kumwonyesha mtu usiyemjua. Mara nyingi ndimo ulimo ufunguo wako wa siri.

Hifadhi ujumbe huo. Usiufute kwa hasira. Ndio ushahidi kwamba uliomba kwa wakati na mlango haukufunguka. Kifungu cha 47 cha Katiba yetu kinampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za umma kwa haraka, kwa ufanisi, kwa kufuata sheria na kwa utaratibu wa haki. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza namna ya kuziomba. Na ikiwa habari zako binafsi zimevuja kwa njia iliyo na hatari ya kweli ya kukudhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayezitunza amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua. Sheria hizi hazimbagui mtu kwa sababu shida yake ilianzia kwenye kompyuta.

Na kwa wenzangu maofisa walioko hapa, neno langu ni fupi. Mwananchi akisema kiungo hakifunguki, msimjibu "kwetu kinafunguka" kabla hamjazima WiFi ya ofisi na kujaribu kwa bando. Mkikuta ni kweli, mwandikeni yeye na wenzake walioathirika katika orodha kabla ya siku ya mwisho, kisha mwiteni fundi. Kurekebisha mstari uliosahauliwa ni kazi ya muda mfupi. Kumrudishia mtu imani kwamba ombi lake lilisomwa huchukua miaka.

Vijana, kama kati yenu yupo anayesomea mambo haya, mafundi niliokuja nao watakaa hapa mpaka jioni, waulizeni. Na kama kuna mtu ana ujumbe kwenye simu yake ambao haukufunguka, tuanze na huyo.